Tawi Kuwa Mti

Mti hupatikana kwa njia nyingi. Upo uliozaliwa na mbegu, upo uliotokana na kijiti kilichochomekwa ardhini, na upo uliobebeshwa juu ya shina la mti mwingine. Njia hizi tatu zajulikana kila palipo na jembe. Iko ya nne isiyotajwa sana, nayo ni ile ya kulifanya tawi liote mizizi likiwa bado juu ya mti uliolizaa. Likisha kuwa na mizizi ya kutosha hukatwa na kupandwa, si kijiti tena bali mti kamili. Wajapani huiita njia hiyo toriki, maana yake kuchukua mti. Jina hili ni fupi na lina haki, kwa kuwa kazi yenyewe ni kuchukua. Lakini ni kuchukua ambako mwenye kutoa habaki maskini, wala kilichochukuliwa hakianzi maisha yake kwa njaa. Namna ya kulipata jambo hilo ndiyo inayostahili kuelezwa, maana mna ndani yake elimu ya mti na adabu ya mtu pia.

Njia hii ina heshima kubwa katika sanaa ya bonsai. Neno bonsai limeungwa kwa mawili: bon, yaani chombo kipana cha kina kifupi mfano wa sinia, na sai, yaani kupanda. Bonsai si mbegu ya kibete. Ni mti wa kawaida uliolelewa chomboni, ukapunguzwa mizizi na matawi mwaka baada ya mwaka, hata ukapata sura ya mti mkubwa wa porini katika kimo ambacho mtu aweza kukibeba mikononi. Sanaa hii ilitoka China. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, mna picha ukutani ya mtumishi aliyechukua chombo chenye mawe na miti midogo. Wajapani waliipokea, wakaipunguzia mapambo na kuizidishia utulivu. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 kuuharibu mji wa Tokyo, baadhi ya watunzaji wa miti hiyo walihamia Omiya, kaskazini ya mji, wakaanzisha kijiji chao mwaka 1925. Masharti yao ya kwanza yalikuwa haya: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, asijenge nyumba ya ghorofa, ua wake uwe wa miti iliyo hai, na mlango wake uwe wazi kwa wageni. Watu wenye masharti kama hayo hawakuuona mti mdogo kuwa mali ya kufungiwa sandukuni. Waliuona kuwa amana ipitayo mikono mingi.

Amana hiyo yahitaji umri, na umri ndio mali adimu ya sanaa hii. Uko msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa chomboni mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, nyuma ya ukuta wa jamaa ya Yamaki, ukasalimika na bomu. Na mwaka 1976 ukatolewa hidaya kwa watu wa Marekani, ambako umetunzwa katika mji wa Washington. Hapana mtu aliyeishi miaka ya mti huo. Kila aliyeushika aliupokea kwa mwingine, na kila mmoja alijua kwamba hatauona mwisho wake. Basi mtu aanzaye na mbegu huanza na jambo ambalo huenda likakamilishwa na wajukuu. Je, hapana njia ya kuupata umri bila ya kuungoja wote? Ipo, nayo ni toriki. Tawi nene la mti mzima lina gome lake la kikongwe, lina vifundo na mikunjo yake, na lina tabia za utu uzima. Mkomamanga uliotoka katika mbegu hupitia utoto kwanza kabla ya kuzaa. Tawi la mkomamanga uzaao, likisha kupata mizizi yake, haliurudii utoto huo. Laweza kuchanua chomboni mapema, kwa sababu kwa tabia ya mwili wake ni mtu mzima aliyehama nyumba, si mtoto mchanga.

Iko sababu ya pili, nayo ni ya macho. Mwenye kuitazama bonsai huanza chini. Hutazama mahali ambapo shina huingia udongoni, palipo na mizizi minene iliyotawanyika pande zote kama vidole vilivyoishika ardhi. Wajapani wana neno maalumu kwa mahali hapo, nebari, na mti usiokuwa na nebari nzuri huonekana kama mlingoti uliochomekwa mchangani. Mti wa porini au wa bustanini mara nyingi huwa na mizizi ya upande mmoja, au mizizi miwili minene iliyo juu chini. Mizizi iotayo kwa toriki hutoka katika duara moja, kwa kimo kimoja, pande zote za shina. Ndiyo sababu watunzaji hodari huweza kuukata hata mti wenye shina zuri ulio na miguu mibaya, wakauotesha miguu mipya juu ya ile ya zamani.

Ili kufahamu jinsi jambo hili linavyowezekana, ni lazima kujua kwamba ndani ya shina mna njia mbili. Maji na chumvi za ardhini hupanda kupitia katika mti wenyewe, ulio ndani ya gome. Chakula kilichopikwa na majani katika mwanga wa jua hushuka kupitia katika gome. Baina ya njia hizo mbili pana utando mwembamba, laini na wenye utelezi, ambao ndio uzaao gome upande wa nje na mti upande wa ndani. Katika karne ya 17 Marcello Malpighi, mwanachuoni wa Kitaliano, alikata pete ya gome katika shina akaona kwamba sehemu iliyo juu ya pete ilivimba, na ile ya chini haikuvimba. Chakula kilichokuwa kikishuka kilikuta daraja limevunjwa, kikarundikana ukingoni. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alitangaza majaribio yake ya Utrecht juu ya kiini cha ukuzi kiitwacho oksini, kinachotokana na ncha changa za mmea na kushuka chini. Mnamo mwaka 1935 ikadhihirika kwamba viini vya jamii hiyo huamsha mizizi. Basi ukingoni mwa pete hukutana mambo mawili: chakula kisicho na pa kwenda, na amri ya kuota. Ukiongezwa unyevu na giza, ukingo ule hudhani kwamba uko udongoni, nao hutoa mizizi.

Hapa ndipo ilipo siri yote ya kazi. Njia ya kushukia imekatwa, lakini njia ya kupandia haikuguswa. Tawi lililojeruhiwa laendelea kunyweshwa na mama yake kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka liweze kunywa lenyewe. Kijiti kilichokatwa na kuchomekwa ardhini hakina bahati hiyo. Hicho hushindana na kifo tangu saa ya kwanza, na kama ni kinene, aghalabu hushindwa. Jeraha la toriki ni kubwa kuonekana, lakini ni jeraha lenye mpaka, na mpaka wenyewe ndio rehema yake.

Sasa wakati wa kufanya. Katika Japani mti unaopendwa sana kwa kazi hii ni momiji, wenye majani mfano wa kiganja ambayo huwa mekundu kabla ya kupukutika. Mti huo hulala wakati wa baridi. Majira ya kuchipua yakifika, hutumia akiba ya chakula iliyomo mwilini mwake kuyafanya majani mapya. Na majani hayo, yangali laini, ni walaji na si wachumi. Mwenye kukata pete wakati huo hukata njia isiyokuwa na msafiri. Yapasa kungoja mpaka majani yakomae, yawe magumu kidogo na rangi yao itulie. Hapo ndipo yaanzapo kutuma chakula chini. Kwa Japani ni mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, nazo ni siku zinazoelekea katika mvua ndefu iitwayo tsuyu, ambayo huufanya upepo wenyewe uwe na unyevu. Mizizi ikifanya vyema, tawi huweza kutengwa mnamo Septemba. Ikichelewa, huachwa mpaka majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, kwa kuwa mizizi michanga haistahimili barafu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hesabu ni nyingine. Hapana barafu ya kuogopwa, na miti kama mkuyu, mpera, mkomamanga na mdimu haina usingizi mrefu wa mwaka. Kinachopungua huku si joto, ni maji. Basi wakati ulio bora ni ule ambao mti unachipua kwa nguvu na hewa ina unyevu: masika, toka Machi hata Mei, au vuli, toka Oktoba hata Desemba. Hata hivyo kanuni haibadiliki. Majani mapya yakomae kwanza. Mvua ni ishara, jani ndilo saa.

Kazi huanza kwa macho, kabla ya kisu kutolewa alani. Mtunzaji huchagua mahali pa jeraha kwa kufikiri juu ya miti miwili kwa pamoja. Mti mpya utakuwa na kimo gani, tawi lake la kwanza litakuwa upande gani, na unene wake chini utapungua vipi kwenda juu? Na mti unaobaki, je, utakuwa na sura, au utakuwa gutu? Aliye na pupa hufikiria kile achukuacho tu. Afaaye ni yule ambaye mkato wake mmoja huwatengeneza wawili, mama akabaki na umbo bora kuliko la kwanza kwa kuwa ameondolewa tawi lililomzidi uzito.

Mahali pakisha chaguliwa, kisu kikali na safi huzungushwa shinani mara mbili, na umbali baina ya mizunguko hiyo uwe mara moja na nusu hata mara mbili ya unene wa tawi. Tawi lenye unene wa sentimita 2 hutaka pete ya sentimita 3 au 4. Gome lililo baina ya mizunguko hubanduliwa lote. Kisha ule utando wa utelezi hukwanguliwa mpaka mti uonekane mkavu na mweupe. Wengi hushindwa hapa. Utando ukibaki, hata kama ni uzi mmoja, mti hujenga daraja jipya juu ya pete, chakula kikapata njia yake ya zamani, na mizizi isiote. Mtu huja baada ya miezi mitatu, akifungua hukuta jeraha limepona vizuri na kazi imeharibika. Ukingo wa juu wa pete ukatwe sawasawa bila kuchanwachanwa, maana huo ndio utakaokuwa nebari. Unga wa kuamshia mizizi ukipatikana hupakwa katika ukingo huo tu. Kuupaka chini ya pete ni kumshauri asiyehusika.

Baada ya hayo jeraha huvishwa. Kitumiwacho sana ni sifagnamu, mmea laini wa vinamasi ambao ukikaushwa huweza kubeba maji yanayopita uzito wake zaidi ya mara 10. Hurowekwa, kisha hukamuliwa kwa nguvu mpaka usidondoke tena, ukafungwa kama ngumi kuzunguka pete na kupita kidogo juu yake. Pwani, nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa chumvi yake hufaa kwa kazi hiyo hiyo. Juu yake huzungushwa karatasi ya nailoni, ikafungwa chini kwa kukaza na juu kwa kukaza pia, ili mvua isiingie ikaozesha wala unyevu usitoke. Kisha kitambaa cheusi au karatasi ya kung'aa huwekwa nje kuzuia jua, kwa kuwa jua la mchana juu ya nailoni laweza kuichemsha mizizi kabla haijazaliwa. Wengine hupasua ubavu wa chombo kidogo cha plastiki wakalivika tawi kama kanzu, na kukijaza udongo mwepesi. Hicho hunyweshwa kila siku kama mche mwingine.

Kuanzia hapo kazi ya mikono imekwisha, na kazi ya moyo imeanza. Mkuyu huweza kuonyesha mizizi katika wiki 4 au 6. Momiji hutaka miezi miwili au mitatu. Misonobari ni migumu; huweza kukaa mwaka mzima au miwili, na pengine isioteshe kitu. Kwa hiyo wengi hawaubandui msonobari gome lake lote, bali huufunga waya wa kukaza, ili shina likinenepa lijibane lenyewe polepole, na chakula kizuiwe kidogo kidogo pasipo kuukatia mti tamaa. Mti mmoja hutaka kisu na mwingine hutaka waya. Mwenye kutumia desturi moja kwa yote hujifunza kwa hasara.

Mizizi ya kwanza huonekana nyuma ya nailoni ikiwa myeupe na minene kama nyuzi za tambi. Hapo moyo wa mtu husema, wakati umefika. Moyo husema uongo. Mizizi myeupe ni michanga, haijagawanyika, na ikiguswa huvunjika. Majani mengi yaliyo juu yake hayawezi kunyweshwa na vinywa vichache namna hiyo. Yapasa kungoja mpaka mizizi igeuke rangi ya udongo, itoe vijizizi vingine ubavuni, na kukijaza kitambaa chake pande zote. Tofauti ya siku hizo huenda ikawa mwezi mmoja tu, na juu ya mwezi huo hutegemea umri wote wa tawi. Tawi la miaka 30 laweza kufa katika siku tatu za haraka. Jambo la kusikitisha ni kwamba halifi kwa kukosa mizizi. Hufa likiwa na mizizi, kwa kuwa aliyelitenga alihesabu kuwako kwa mizizi, asihesabu utoshelevu wake.

Siku ya kutenga, tawi hukatwa kwa msumeno chini ya mizizi. Nailoni huondolewa, lakini sifagnamu haipekuliwi. Huachwa ilivyo pamoja na mizizi iliyojishikiza ndani yake, hata mwaka wa pili. Mti mpya hupandwa katika udongo upitishao maji upesi, hufungwa kwa kamba chomboni usitikisike, maana kila mtikiso wa upepo juu ni mkatiko wa mzizi chini. Huwekwa kivulini wiki kadhaa, haulishwi mbolea mara moja, wala haukatwi matawi kwa ajili ya sura mpaka uonyeshe kuwa umeshika. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na bonsai yote imesimama juu ya mithali hiyo. Lakini mti uliotengwa jana si mbichi, ni mgonjwa aliyetoka kitandani. Aachwe atembee kwanza.

Wako wanaosema kwamba sanaa hii yote ni ukatili: kuuchuna mti gome, kuufunga waya, kuuzuia kukua, kisha kuuita uzuri. Neno lao si la kupuuzwa, kwa sababu hapana sanaa iliyo karibu na ukatili kuliko ile ishikayo kitu chenye uhai. Jibu haliwezi kuwa kwamba mti hauna kilio. Jibu ni lile lililo ndani ya jeraha lenyewe. Mtesaji hukata bila kujali kinachobaki. Mtunzaji hukata njia moja akailinda nyingine, kisha hujifunga kuja kila siku na maji. Mti wa chomboni hauwezi kuishi bila mtu katika siku za ukame. Aliyeujeruhi amejifanya mtumishi wake, na asipotimiza utumishi huo, hapo ndipo neno la ukatili litakapokuwa la haki juu yake.

Chukua mfano wa nyumba ya zamani iliyouzwa, yenye mkomamanga uani. Mwenye kununua atajenga, na mti utang'olewa kabla ya mwaka kwisha. Mkongwe wa nyumba hiyo hawezi kuuhamisha mti mzima. Mizizi yake imeingia chini ya ukuta. Mbegu zake zitatoa miti mingine, lakini haitakuwa mti ule. Masika yakimkuta na kisu, na mwenye nyumba mpya akimpa muhula wa miezi mitatu, huweza kutoka mlangoni akiuchukua mkomamanga ule ule katika chombo: gome lile, ua lile, tunda lile lile ambalo wazazi wake walilila. Muhula wa mwezi mmoja hautamsaidia kitu. Hapo ndipo ijulikanapo kwamba ujuzi wa wakati si pambo la watu wenye nafasi, bali ndio utenganishao urithi na kuni.

Chuo kikuu nacho ni mahali pa kutenga matawi. Kila mwanafunzi hufika akiwa amenyweshwa na mti wa kwao: lugha ya mama, mithali za wazee, hesabu ya sokoni, dua ya jioni. Elimu mpya hukata pete katika shina lake, na haina budi kukata, kwa kuwa asiyezuiliwa chakula chake kwenda kule kilikozoea kwenda hataotesha mizizi yake mwenyewe. Lakini mwalimu akikata mpaka ndani ya mti, akamwambia kijana kwamba maji ya kwao hayana thamani, huyo hakumfundisha, amemkausha. Na anayemsifu kijana kwa mizizi myeupe mitatu, akamtuma asimame peke yake juani, amemdhulumu kwa wema. Naye amzuiaye daima juu ya tawi, kwa hofu kwamba siku ya kutengwa haijawadia, atakuta mizizi imejisokota katika kitambaa chake yenyewe, nayo yakauka kwa kukosa udongo. Kuna kutenga kabla ya wakati na kuna kutenga baada yake, na yote mawili huua. Ila la kwanza huua mbele ya macho ya watu, na la pili huua taratibu, watu wakidhani ni malezi.

Kwa hiyo elimu ya toriki, ijapokuwa ni ya kisu na kamba, yarudi katika maswali machache ambayo mtunzaji hana budi kuyajibu kila mara: majani yamekomaa? Maji yangali yakipanda? Mizizi ni mingi kadiri ya majani? Mama atabaki na umbo gani? Asiyeweza kuyajibu na akiweke kisu chake mpaka msimu mwingine. Mti hautamlaumu kwa kungoja.